Lord Salisbury alikuwa mtu wa namna gani, na mpaka wa Songwe ulimpitiaje mikononi?

Mwalimu wa Kyela ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari huku Kyela, na kila nikifika kwenye mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, wanafunzi hunibana kwa maswali ambayo vitabu vya kiada haviyagusi. Vitabu hivyo humtaja Lord Salisbury mara moja, kwamba ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, kisha hurudi haraka kwa Karl Peters na Sultani wa Zanzibar, kana kwamba mzee huyo alikuwa mhuri wa kugonga karatasi tu. Watoto ninaowafundisha wana shangazi na wajomba ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na wengine huvuka Kasumulu pamoja na wazazi wao kwa shughuli za soko. Wanataka kujua aliyeridhia mstari upite pale alikuwa nani, alilelewa wapi, alipandaje ngazi za siasa, na kama aliwahi hata kukanyaga ardhi ya Afrika.

Naomba anayemfahamu anieleze maisha na kazi zake kwa mapana, si mkataba peke yake. Swali la nyongeza ni hili: kwa nini mstari ulifuata ufuko wa Ziwa Nyasa upande wetu badala ya kupita katikati ya maji?

Mstaafu, Iringa amejibu:

Marahaba, Mwalimu. Nimefundisha somo hilo miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninakubaliana nawe kwamba tunamtaja mtu huyu bila kumfahamu. Nitaeleza maisha yake, na suala la ziwa nitawaachia walio jirani nalo.

Jina lake ni Robert Gascoyne-Cecil, na alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini ya London. Ukoo wa Cecil ulikuwa umezoea madaraka tangu karne ya 16, maana William Cecil alikuwa mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na mwanawe Robert akamtumikia Mfalme James na kulijenga jumba hilohilo. Hata hivyo, mtoto tunayemzungumzia hakuzaliwa kuwa mrithi. Alikuwa na kaka aliyemtangulia, na kwa desturi ya makabaila wa Kiingereza cheo na mashamba huenda kwa mkubwa, wadogo wakatafute riziki jeshini, kanisani au bungeni.

Utoto wake haukuwa wa raha. Mama yake alifariki mwaka 1839, naye alipopelekwa shule ya Eton alionewa na kupigwa na wenzake kiasi kwamba baba yake akamwondoa mwaka 1845, akasomeshwa nyumbani kati ya vitabu vya maktaba ya Hatfield. Alikwenda Oxford, lakini afya ikamwangusha, akatoka na shahada ya heshima ya daraja la nne katika hisabati, ambayo vijana wa koo kubwa waliruhusiwa kupewa bila kupita mtihani kama wengine. Daktari akashauri safari ndefu ya baharini. Kwa hiyo jibu la swali la wanafunzi wako ni ndiyo, alikanyaga Afrika, ila ni Afrika ya Rasi ya Tumaini Jema tu, katika safari ya miaka ya 1851 hadi 1853 iliyomfikisha pia Australia, kwenye machimbo ya dhahabu, na New Zealand. Afrika Mashariki hakuiona maisha yake yote.

Aliporudi alipata ubunge wa Stamford mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka 23. Jimbo hilo lilikuwa chini ya ushawishi wa jamaa yake, na kwa muda wote alioliwakilisha, hadi mwaka 1868, hakuna aliyejitokeza kushindana naye. Ningependa vijana walione jambo hili: mtu aliyeiongoza Uingereza kwa zaidi ya miaka 13 hakupata hata mara moja kupigiwa kura dhidi ya mpinzani.

Mwaka 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Baba mtu alikataa, kwa kuwa binti hakuwa na mali wala hadhi aliyoitaka, na kijana akaoa hivyohivyo. Kwa kuwa fedha ya nyumbani haikutosha, aliishi kwa kalamu, akiandika makala kwa mamia katika majarida ya Saturday Review na Quarterly Review, mengi bila jina lake, na kwa ukali ambao haukuwaacha hata viongozi wa chama chake cha Kihafidhina. Mimi huona miaka hii ndiyo iliyomtengeneza kuliko Oxford. Alijifunza kupima hoja, kudharau maneno matamu, na kuamini kwamba mabadiliko mengi yanayoahidiwa na wanasiasa huleta shari kuliko kheri. Kaka yake alipofariki mwaka 1865, mwandishi huyu wa kujitegemea akawa ghafla mrithi wa Hatfield.

Julai 1866 aliteuliwa kuwa Waziri wa masuala ya India, na hapo ndipo alipokutana na jambo lililomwandama. Njaa ilikuwa imeingia Orissa, maofisa wakamwambia hakuna haja ya hatua za haraka, naye akawaamini kwa muda wa miezi miwili hivi, wakati watu wapatao milioni moja walikuwa wakifa. Baadaye alisema mwenyewe kwamba hakuweza kujiona hana lawama, na tangu hapo hakuwaamini tena wataalamu kwa urahisi. Mwaka uliofuata alijiuzulu kwa kupinga muswada wa Disraeli, waziri mwenzake, wa kuwapa wafanyakazi wa mijini haki ya kupiga kura. Baba yake alipofariki Aprili 1868 akawa Markizi wa tatu wa Salisbury, akahamia Bunge la Malodi, yaani la makabaila, na hakurudi tena Bunge la Makabwela, lile la kuchaguliwa.

Kilichofuata nitakipitia haraka. Alirudi katika wizara ya India mwaka 1874 chini ya Disraeli yuleyule, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1878 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, wakaenda wote wawili kwenye mkutano wa Berlin kuamua hatima ya nchi za Balkani baada ya vita vya Urusi na Uturuki, na Uingereza ikatoka na kisiwa cha Kupro mkononi. Disraeli alipofariki mwaka 1881, Salisbury akawaongoza Wahafidhina katika Bunge la Malodi, na mwaka 1885 Malkia Victoria akamwita kuunda serikali. Alishika uwaziri mkuu mara tatu: 1885 hadi 1886, 1886 hadi 1892, na 1895 hadi 1902. Sehemu kubwa ya muda huo alikuwa pia Waziri wa Mambo ya Nje, jambo ambalo halikuwa kawaida. Chini yake yaliundwa mabaraza ya wilaya za Uingereza mwaka 1888, na mwaka 1891 elimu ya msingi ikawa bila ada. Hayo aliyafanya, lakini moyo wake haukuwa huko. Moyo ulikuwa kwenye barua za mabalozi, ambazo alizisoma na kuzijibu mwenyewe kwa mkono.

Na kuna maabara yake. Alikuwa na chumba cha kemia na umeme hapo Hatfield, na nyumba yake ilikuwa miongoni mwa nyumba binafsi za kwanza Uingereza kuwashwa taa za umeme. Nyaya za wakati ule hazikufunikwa vizuri. Inasimuliwa kwamba zilishika moto darini mwa ukumbi mrefu wakati familia imekaa, na watoto wake wakauzima kwa kurusha mito ya viti, kisha mazungumzo yakaendelea. Mtu huyohuyo, mrefu wa karibu mita 1.93, mwenye ndevu nyingi na macho mabovu, alikuwa akipishana na mawaziri wake bila kuwatambua.

Mnyalukolo amejibu:

Mwalimu Mstaafu ameeleza vizuri, lakini amempendelea kidogo. Ukisimulia maabara na mito ya viti, msomaji huanza kumpenda mzee, akasahau alivyowatazama watu wasio wa kabila lake.

Mei 1886, akipinga Waayalandi wasipewe serikali yao ya ndani, alisema hadharani kwamba kujitawala hakumfai kila mtu, na akatoa mfano wa Wakhoikhoi wa Afrika Kusini, kwa jina la dharau lililotumika enzi zile, kwamba hakuna ambaye angewapa taasisi za kuchagua viongozi. Novemba 1888, akiwa Edinburgh, alimzungumzia Dadabhai Naoroji, Mhindi aliyekuwa amegombea ubunge London, akasema haamini kwamba jimbo la Waingereza lilikuwa tayari kumchagua mtu mweusi. Maneno hayo yalimletea aibu, na mwaka 1892 Naoroji alichaguliwa katika jimbo la Finsbury kwa kura chache mno.

Basi tukija kwenye mwaka 1890, tusishangae kwamba Uhehe iliandikwa upande wa Ujerumani bila mtu yeyote wa Kalenga kuulizwa. Miezi 13 baada ya sahihi, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilikutana na kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo na kukiangamiza. Kwa London na Berlin nchi ilikuwa imeshagawanywa. Kwa Mkwawa hakukuwa na mgawanyo wowote alioujua. Hili ndilo ningewaeleza wanafunzi kabla ya habari za majumba.

Msomaji wa Tukuyu amejibu:

Nawashukuru nyote. Mimi nitajibu la mkataba na ziwa, maana ndilo lililonisumbua kwa muda mrefu, na nimelisoma kifungu kwa kifungu.

Kwanza tuelewe Salisbury alitaka nini. Hakuwa mtu wa kukusanya nchi kwa pupa. Mwaka huohuo wa 1890 aliwachekesha wasikilizaji wake jijini London akisema kwamba wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora mistari kwenye ramani mahali ambapo mguu wa Mzungu haujafika, wakigawiana milima, mito na maziwa, na kikwazo chao kikiwa kidogo tu, nacho ni kwamba hawakujua kwa hakika milima na mito na maziwa hayo yako wapi. Wengine humsifu kwa ucheshi huo. Mimi naona ni kukiri kwa mtu aliyejua anachokifanya, na akaendelea.

Alichokihofia ni vita vya Ulaya, na njia ya bahari kuelekea India. Kwa sababu ya India, Misri na mto Nile vilikuwa muhimu kwake. Unguja na Pemba vilikuwa muhimu kwa sababu ya bandari na biashara ya Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza. Bismarck, Chansela wa Ujerumani, alipoondolewa Machi 1890, Chansela mpya, Caprivi, alitaka urafiki na Waingereza, na Salisbury akaiona nafasi. Alikuwa na kisiwa kimoja katika Bahari ya Kaskazini, Heligoland, chenye ukubwa usiofika kilomita mbili za mraba, ambacho Wajerumani walikitamani kwa ajili ya jeshi lao la majini. Alikitoa. Akapokea ulinzi wa Unguja na Pemba, Wajerumani wakaachia Witu, katika pwani ya Kenya ya leo, na madai yao upande wa Uganda, na bara lote ambalo leo ni Tanzania likathibitishwa kuwa lao. Ukanda wa pwani wakaulipia kwa Sultani mark milioni nne.

Sasa, kwa nini huku kwetu hakuachia mpaka uende kusini zaidi? Kwa sababu Nyasa ilikuwa na wenyewe bungeni kwake. Kanisa Huru la Scotland lilikuwa na misheni ya Livingstonia ziwani tangu mwaka 1875, na meli ndogo Ilala ilikuwa ikitembea majini. Kampuni ya biashara ya Waskoti ilikuwa na kituo Karonga, ikipigana na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, tangu mwaka 1887. James Stevenson wa Glasgow alikuwa ametoa fedha za kujenga barabara ya kutoka Karonga kwenda Ziwa Tanganyika, barabara ambayo haikumalizika, lakini jina lake lilijaza magazeti. Wachungaji na wazee wa kanisa wa Scotland walimwandikia Salisbury kwa maelfu wakidai nchi ya Nyasa isiachiwe Ureno. Januari 1890 aliwapa Wareno amri ya kuondoa majeshi yao kwenye nyanda za Shire, kusini ya ziwa, nao wakasalimu amri. Mtu aliyefanya hivyo Januari hakuweza kuwaambia Waskoti mwezi Juni kwamba ziwa lao amempa Mjerumani.

Ndiyo maana kifungu cha kwanza kikaandikwa kwamba mpaka, ukitoka kusini, unafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha unapanda na mto. Barabara ya Stevenson ikabaki upande wa Uingereza, na maji yote yakabaki na meli za Waskoti. Kwa maandishi hayo, mvuvi wa Matema akisukuma mtumbwi wake akalowa magoti, ameshatoka katika eneo la Ujerumani, jambo ambalo hata Wajerumani wenyewe hawakulifuata, maana walipeleka meli yao ya Hermann von Wissmann katika ziwa hilohilo. Mkataba pia ulikuwa na kifungu cha sita, kinachoruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kufuatana na mahitaji ya mahali, na hicho ndicho Tanzania imekuwa ikikitaja katika mzozo wake na Malawi, wakati Malawi inashikilia kifungu cha kwanza.

Ninalotaka Mwalimu alipeleke darasani ni hili. Heligoland ilikuwa na watu kama 2,000. Malkia Victoria alilalamika kwamba haifai kuwatoa watu kwa taifa jingine bila kuwauliza, na Salisbury, ili apate kinga, akaupeleka uhamisho huo bungeni. Wakazi wa kisiwa wakaandikiwa katika mkataba haki ya kuchagua uraia wa Uingereza hadi tarehe 1 Januari 1892, na waliozaliwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi wakasamehewa kuandikishwa jeshini. Karatasi hiyohiyo, sahihi hizohizo, ilimkata Mnyakyusa na Mngonde, Mndali wa Ileje na ndugu zake wa ng'ambo, na hakuna mstari hata mmoja unaowapa nafasi ya kuchagua. Walifanya kama watu wawili wanaogawana shamba la mtu wa tatu, huku wakijadiliana kwa adabu kubwa kuhusu kibanda chao wenyewe. Kwa hiyo siwezi kukubali utetezi kwamba enzi zile wazo la kuwauliza wenyeji halikuwepo. Lilikuwepo, Salisbury alilisikia kutoka kwa Malkia wake, na aliliweka mahali alipoona linastahili.

Kijana wa Tunduma amejibu:

Nimejifunza mengi, nawashukuru. Naomba kuuliza tu: sisi wa Tunduma, ambako hakuna mto, mstari ulipatikanaje? Wanamwanga wako Tunduma na wako Nakonde.

Msomaji wa Tukuyu amejibu:

Mkataba wa 1890 ulitaja mto Songwe, longitudo ya 33, na mdomo wa mto Kalambo kwenye Ziwa Tanganyika, lakini katikati palikuwa na maelezo ya mabonde na vyanzo vya mito ambayo hakuna aliyekuwa ameyapima. Mwaka 1898 tume ya wapimaji wa nchi zote mbili ilipita kati ya maziwa hayo mawili ikiweka alama, na makubaliano ya mwisho yakatiwa sahihi Berlin Februari 1901, Salisbury akiwa bado Waziri Mkuu. Pale kwenu mstari ulitegemea darubini ya mpimaji. Huku Kyela tulipewa mto, nao una matata yake, kwa sababu Songwe ya tambarare huhama mkondo baada ya mafuriko, na shamba la mtu likajikuta ng'ambo.

Mwalimu wa Kyela ameandika:

Nawashukuru sana wakubwa wangu. La Heligoland sikuwahi kulisikia, na nitalitumia. Naomba Mwalimu Mstaafu anikamilishie: alimalizaje? Na ni kweli kwamba aliyemrithi alikuwa mpwa wake?

Mstaafu, Iringa amejibu:

Ni kweli. Lakini kwanza nimjibu Mnyalukolo kwamba sina ugomvi naye: hotuba zile mbili zipo, na mtu hawezi kuzitoa katika maisha ya Salisbury. Ninachosisitiza ni kwamba dharau yake haikutokana na ujinga. Alikuwa msomaji mpana kuliko karibu mawaziri wakuu wote wa karne yake, na mwaka 1890 alisimama katika Bunge la Malodi akawakejeli waliotaka ukanda mwembamba wa nchi kutoka Cape hadi Cairo, akisema hakuna mali yenye usumbufu kuliko kipande kama hicho katikati ya Afrika, safari ya miezi mitatu kutoka pwani. Alijua mipaka ya kile alichokuwa akikichukua. Hilo linamwongezea lawama, halimpunguzii.

Kipindi chake cha tatu kilikuwa kizito. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga kasri la Zanzibar kwa dakika zisizofika 50, baada ya Khalid bin Barghash kujitwalia kiti cha usultani bila idhini yao. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na kutoka hapo akapelekwa Dar es Salaam. Mwaka 1898 Waingereza na Wafaransa walikaribia kupigana kwa ajili ya Fashoda, katika mto Nile, na Salisbury akasubiri kwa utulivu mpaka Wafaransa wakaondoka. Oktoba 1899 vita vya Makaburu vikaanza, vita ambavyo hakuvitaka sana lakini hakuvizuia, maana uendeshaji wa makoloni ulikuwa umeshahamia kwa Joseph Chamberlain. Novemba mwaka huo mkewe akafariki, naye hakuwa tena mtu yuleyule. Mwaka 1900 aliiacha Wizara ya Mambo ya Nje, na tarehe 11 Julai 1902, Makaburu wakiwa wamekwisha kusalimu amri, akajiuzulu. Nafasi yake ikachukuliwa na Arthur Balfour, mtoto wa dada yake, na watu walikuwa wameshazoea kuitania serikali yake kuwa ni hoteli ya akina Cecil kwa jinsi ndugu walivyojaa ndani. Alifariki Hatfield tarehe 22 Agosti 1903. Hakuna kabaila mwingine aliyeiendesha serikali ya Uingereza kwa kipindi kizima kutoka Bunge la Malodi baada yake.

Jina lake lilikaa Afrika kwa muda mrefu kuliko yeye, maana mji mkuu wa Rhodesia uliitwa Salisbury tangu mwaka 1890 hadi Zimbabwe ilipoubadilisha kuwa Harare mwaka 1982. Kuhusu watoto wake, mmoja anayewahusu wanafunzi wako ni Robert Cecil, aliyeshiriki kuandika hati ya Shirikisho la Mataifa na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1937. Ni kwa udhamini wa shirikisho hilo Waingereza walikabidhiwa Tanganyika mwaka 1922, wakawa watawala wa pande zote mbili za Songwe, na hata hivyo hawakuufuta mpaka wala kuurekebisha kwa kifungu cha sita walipokuwa na nafasi ya kufanya hivyo bila kumwomba mtu.